Koili ya Marehemu Lusambo

Pombe sinywi, na bangi sijawahi kuionja. Naanza na hilo kwa sababu kila nikisimulia kisa hiki lazima mjuaji mmoja aniulize siku hiyo nilikuwa nimekunywa nini. Nilikuwa nimekunywa uji, basi. Niliyoyaona niliyaona kwa macho haya, jua likiwa bado halijazama vizuri, na sikuwa peke yangu.

Ilikuwa miaka ya tisini, Inyonga. Nilikuwa nanunua asali kwa warinaji na kuipeleka Mpanda kwa pikapu yangu kuukuu. Mke wangu, Vero, akashikwa na tumbo. Mwanzoni tulidhani ni chakula. Baadaye tumbo likavimba, likawa gumu, hata maji akinywa yanarudi. Mganga wa zahanati akanivuta pembeni, akaniambia huyu anatakiwa kupasuliwa, pale hawana uwezo huo, na akilala usiku mmoja zaidi nisije nikamlaumu mtu. Hospitali iko Mpanda, na kati yetu na Mpanda ni pori tupu. Nikakimbilia gari. Halikuwaka.

Kama huyajui magari ya zamani nikueleze kidogo. Koili ni kile kikopo kinachochukua umeme mdogo wa betri na kuupa nguvu, hadi plagi zitoe cheche. Ikiungua, hata usukume gari mpaka Tabora, haliwaki. Yangu ilikuwa imeungua hadi ikavuja oili. Na Inyonga wakati ule koili ungeinunua wapi? Spea zilikuja Mpanda na treni, na treni ilikuja ilipojisikia.

Shemeji yangu Masanja, kaka yake Vero, alipanda baiskeli akaondoka bila kuaga. Alirudi jioni na koili ndani ya shati. Nikamuuliza ameitoa wapi. Hakunitazama.

"We funga tu, shemeji," akasema. "Dada anakufa."

Wewe ungeuliza tena? Mimi sikuuliza.

Tulikuwa nyuma ya nyumba, karibu na bani la kukaushia tumbaku. Nikafungua koili mbovu, nikafunga hiyo, nikaunganisha nyaya zake mbili nyembamba. Ukishafunga huwa unapima: unachomoa ule waya mnene wa koili kwenye distributa, kile kinachogawia plagi umeme, unausogeza karibu na chuma cha injini, mwenzako anapiga stata, nawe unaangalia kama cheche inaruka. Masanja akakaa kwenye usukani, kichwa amekitoa dirishani. Akapiga stata. Hamna kitu. Nikakwangua vichwa vya nyaya kwa kisu, akapiga tena. Hamna. Ndani nilikuwa namsikia Vero akilia, kisha nikawa simsikii, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Nilipoinua macho kulikuwa na mzee amesimama upande wa pili wa injini.

Kwetu mtu haingii uani kwa watu bila hodi, na akikukuta lazima akusalimu. Huyu hakupiga hodi wala hakusalimu. Alivaa shati jeupe na suruali nyeusi, nguo za kwenda kanisani, lakini miguu pekupeku. Nikasema shikamoo, hakuitika. Akanyoosha mkono akauchukua ule waya, akaushika kwa vidole kwenye ncha yake tupu. Waya ule unamrusha mtu mzima! Nilitaka kumwonya, ila Masanja alikuwa ameshapiga stata. Cheche ikatoka, ya bluu, ikawa inampiga kidoleni mfululizo, na mzee hata kope hakupepesa. Niamini, alikuwa anaitazama ile koili jinsi mtu anavyomtazama mbuzi wake aliyemkuta kwenye zizi la jirani.

Akaurudisha waya kwenye distributa mwenyewe. Injini ikawaka.

Ndipo aliponena, taratibu, bila hasira. "Mpelekeni mgonjwa. Ila nyie mnirudishie. Vitu vyangu bado havijagawanywa."

Nikageuka nimwite Masanja aje tushukuru. Masanja alikuwa ameganda pale dirishani, amejikojolea. Nilipogeuka tena mzee hayupo, na uwanja ule ni mweupe, hamna pa kujificha.

Tulimpakia Vero tukaondoka. Njiani Masanja akanieleza. Koili aliichomoa kwenye gari la Mzee Lusambo, dereva wa tumbaku aliyekuwa amefariki kwa homa wiki ile, watu bado wamelala msibani. Kwetu mtu akifa, chake chochote hakiguswi mpaka siku ya kuanua matanga, ndugu wakae, wagawane nguo zake, jembe lake, baiskeli yake, kila kitu kipate mwenyewe mpya. Kabla ya hapo vyote ni vyake bado. Masanja alilijua hilo tangu utotoni. Ila alijiambia kwamba vitu vya marehemu ni nguo na jembe. Koili nani aliwahi kuirithi? Mimi Lusambo sikuwa namfahamu kwa sura. Masanja alikuwa miongoni mwa waliomshusha kaburini, na zile nguo alizitambua.

Katikati ya pori tulisimama kuongeza maji kwenye rejeta. Nikaigusa koili. Koili ikifanya kazi huwa inachemka, muulize fundi yeyote. Hii ilikuwa ya baridi kama maji ya mtungini.

Vero alipasuliwa alfajiri, akapona. Nililia mbele ya manesi bila aibu. Nikamwambia Masanja apande lori, airudishe koili siku hiyohiyo. Akakataa: dada bado amelazwa, je, gari likihitajika ghafla? Tusubiri mpya ije na treni. Mvua zilikuwa zimekata reli. Koili mpya ilipofika, Masanja akakimbilia Inyonga na ile ya Lusambo mfukoni, akakuta wameshaanua matanga.

Alikiri kila kitu. Wazee wa msiba hawakumgombeza, na ni afadhali wangemgombeza. Walimwambia hawawezi kuipokea. Vitu vimeshagawanywa na ndugu wametawanyika. Hiki kilikosekana kwenye mgao, kwa hiyo kimebaki cha marehemu mwenyewe. Akaomba aifukie kaburini. Wakasema kaburi lisiguswe.

Sasa Masanja anaishi na sisi. Jua likizama anasikia mtu anapiga stata nyuma ya nyumba, stata ya gari lisilowaka. Mimi sisikii. Anatoka na koili mikononi, anasimama pale anaomba ichukuliwe, na vidole anavyoishikia vimekuwa vyeusi na vya baridi. Tumemzungusha makanisani na kwa waganga mpaka tumechoka. Kila jioni Vero ndiye anayemshika mkono na kumrudisha ndani. Siku moja, baada ya kumlaza, aliniuliza, "Mngejua, mngeniacha nife?" Nilijifanya sikusikia.

Basi wewe unayenunua spea kuukuu, uliza ilikuwa ya nani. Uliza kama mwenyewe yu hai, na kama alikufa, uliza kama matanga yameanuliwa, wala usifunge nati hata moja kabla hujajibiwa. Ila kama ndani kuna mkeo na anakufa, sijui nikuambie nini. Mimi ningeifunga tena.