Winchi Kwenye Mchanga wa Kishushe

Nilipokuwa dereva wa ranchi moja upande wa Kishushe, jirani yetu, mzee mfugaji, alifiwa na mkewe. Bosi wangu akanipa pikapu niwapeleke wafiwa mochari ya Voi, wakamchukue marehemu. Tulirudi watu watano: mimi kwenye usukani, mzee kando yangu, na nyuma dadake mzee na wakwe zake wawili, wakilishika jeneza lisiteleze.

Kwenye korongo la mwisho mchanga ulikuwa umelegea kuliko asubuhi. Magurudumu yalizunguka bure, gari likazama hadi ekseli. Nikazima. Wingu lilikuwa jeusi juu ya milima ya Taita, na sote tulijua mvua ikinyesha kule, maji hushuka korongoni hata kama huku chini halijaanguka tone.

Mbele kwenye bampa kulikuwa na winchi, yaani mota yenye ngoma na kamba ya chuma ya kulivuta gari likikwama. Ilikuwa imekufa tangu mwezi uliopita. Fundi mmoja alisema mota imeungua, nami nikamwamini kwa sababu siku hiyo sikuwa na haja nayo.

"Tulibebe jeneza begani," mkwe mmoja alisema.

Mzee akatikisa kichwa. "Njia hii ameitembea sana kwa miguu. Leo anaenda kwa gari."

Niliwaomba wakwe waivute kamba kwa mikono hadi ng'ambo na kuifunga kwenye mti wa mgunga. Mimi nikafungua boneti. Nilikuwa nimefanya kazi miaka mitatu katika gereji ya Voi, nikitengeneza stata za tuktuk, na pale nilifundishwa kutolaumu mota kabla ya kuzifuata nyaya.

Niliwasha taa za mbele, nikampa mzee remoti ya winchi. "Bonyeza, baba."

Ikalia tak, ikanyamaza. Taa hazikufifia hata kidogo. Betri ilikuwa nzima, na kama mota ingekuwa inakula umeme, taa zingefifia. Nikachukua taa yangu ya kupimia, nikaigusisha kwenye waya mnene unaoingia kwenye mota. Mzee alipobonyeza tena, ikawaka. Basi umeme ulikuwa unafika. Ulichokosa ni njia ya kurudi kwenye betri.

Waya wa kurudi ulionekana mzima, mpira wake mweusi hauna hata mkwaruzo. Niliukunja karibu na bampa, ukakunjika kama utumbo. Nikauchana kwa kisu. Ndani shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani.

Nilijikasirikia mwenyewe zaidi ya nilivyomkasirikia yule fundi. Mwezi mzima nilikuwa nikiupita waya ule kila asubuhi nikipima oili.

Sikuwa na waya mwingine mnene. Nilikuwa na zile nyaya mbili za kuwashia gari lenye betri iliyokufa. Nikazibana zote mbili pamoja, kutoka upande hasi wa betri hadi kwenye mota.

"Bonyeza, baba. Nikisema wacha, uwache."

Ngoma ikazunguka. Kamba ikakaza, pikapu ikaguna na kusogea kama hatua mbili. Nilizishika zile nyaya, zilikuwa za moto.

"Wacha."

Tulingoja zipoe. Dadake mzee aliumwagia maji mpira wa nyaya kutoka kwenye chupa yake ya kunywa, nikamwomba asikaribie vibanio vya ncha zake. Tukavuta tena, tukangoja tena. Wakwe walichimba mchanga mbele ya magurudumu kwa sahani za bati zilizokuwa garini. Mara ya tano au ya sita mpira ulianza kunuka, nikataka kupumzika kwa muda mrefu zaidi, lakini upepo wa mlimani ulikuwa umeshaanza kuleta harufu ya udongo uliolowa.

"Tunaendelea?" mzee aliuliza.

"Tunaendelea."

Magurudumu ya mbele yaliposhika ukingo mgumu, niliruka ndani, nikatia gia ya chini, nikapanda. Tulikuwa bado tunaikunja kamba maji ya rangi ya chai yalipopita pale tulipokuwa tumekwama, kwanza membamba, kisha yakajaza korongo zima.

Tulifika kwa mzee waombolezaji wakiwa wameketi wakitungoja, na marehemu akazikwa jioni ile jua likiwa bado lipo. Mzee alinishika mkono wenye grisi, akaushikilia kwenye viganja vyake muda mrefu, kisha akaenda kuwasalimu wageni wake.