Mvua Ambazo Baba Hakutegemewa Kuziona

Baba alikuwa fundi cherehani Mlandege, mjini Iringa. Asubuhi moja ya baridi, katikati ya miaka ya hamsini, aliacha kukanyaga cherehani, akashika kifua, akasema hata taya linamuuma. Kisha akaangukia suruali ya mteja. Majirani walimpeleka hospitali kwa lori la mbao lililokuwa likitoka Mafinga.

Alirudi nyumbani baada ya wiki kadhaa, lakini hakuwa yule tena. Akitoka uani hadi barazani alihema kama aliyepanda mlima. Alilala ameketi, ameegemea mito. Miguu ilivimba, daktari alimwonyesha mama namna ya kuibonyeza kwa kidole gumba na kuangalia shimo linalobaki. Chumvi ikakatazwa. Mama hakuwa na nguvu za kupika mara mbili, kwa hiyo sote tukala mboga chapwa.

Siku moja mama alimwuliza daktari, nami nikiwa kando yake, kama baba atapona.

"Sehemu ya moyo imekufa," alisema. "Iliyobaki inabeba kazi yote, na imeanza kuchoka. Sidhani kama ataziona mvua zijazo."

Mama hakulia. Njiani aliniambia, "Harusi yako tuiwahishe, baba yako aione. Unasemaje?"

Nilikuwa nimeposwa na kijana mwenye duka Mbeya, na tulikubaliana nimalize kwanza masomo ya ualimu. Niliyapenda masomo yale. Nikafikiria miguu ya baba, nikasema sawa. Mvua hazijaanza, nikaolewa. Baba aliniozesha mwenyewe, ameketi, maneno yakimtoka vipande vipande huku akitafuta pumzi.

Mvua zikaja, zikaisha. Baba hakufa. Zikaja nyingine. Mimi nilikuwa Mbeya, mtoto mgongoni na mwingine tumboni, nikiuza kanga. Kila basi la Iringa lilipoingia nilidhani limeniletea msiba. Nilichoka kumlilia mtu aliye hai.

Nilipokwenda kuwaona, nilimkuta baba barazani akishona vifungo kwa mkono. Mama alikuwa amekonda kumzidi mgonjwa. Baba aliniita karibu.

"Mwanangu, naona nimekawia."

"Usiseme hivyo, baba."

"Nasema kwa sababu najua ulichokiacha."

Nilishika vifungo vilivyobaki, tukashona pamoja.

Kesho yake nilimwendea daktari, yule yule, sasa ana mvi. Nikamkumbusha alichotuambia.

"Nilisema sidhani," akajibu. "Wenye moyo kama ule, wengine hawamalizi mwezi, wengine wanaendelea tu. Vidonge vimemsaidia, na mama yako amemsaidia zaidi. Lakini kwa nini yeye na si wa kitanda cha jirani, sijui. Huwa nakisia, kwa sababu mnaniuliza."

Nje wagonjwa walikuwa wengi, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Sikuweza kumkasirikia.

Baba alifariki miaka hiyo ya hamsini ikielekea ukingoni, wakati wa kuvuna mahindi, mchana, akiwa amesinzia kitini. Niliwahi mazishi. Tuliporudi ndani, mama alijilaza mkekani kati ya wanawake waliokuja kumpa pole, akapitiwa na usingizi mzito. Wageni waliingia na kutoka, na hakuna aliyemwamsha.