Gari Lililohema Kilimani

Siku hiyo naikumbuka kama jana, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyomdanganya baba yangu huku nikiendesha baiskeli. Usicheke bado. Keti, chai iko kwa chupa. Jana nilikusikia ukiwaambia wa nyumbani kwa simu kwamba nyumba hii ni yako. Nyumba yangu! Wewe unayelala besmenti, huko chini ya nyumba, karibu na mashine ya kufulia! Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na wageni, lakini leo hatuna mgeni.

Nilikuja huku ughaibuni, hapa Sterling, nikiwa msichana wa miaka ishirini na tano, miaka ya tisini ikiyoyoma. Hayo majengo yasiyo na madirisha unayopita ukienda kazini hayakuwepo. Nyuma ya barabara kubwa palikuwa na mashamba, na ukitembea kidogo unakutana na ng'ombe. Nilikuwa namtunza ajuza mmoja, namwogesha, namlisha. Kazini nilienda kwa basi, na basi likiniacha naomba lifti. Mali yangu ilikuwa baiskeli moja ya mtumba niliyouziwa na jirani aliyekuwa anahama.

Lakini baiskeli hiyo, weee! Siku yangu ya mapumziko nilikuwa naamka mapema, nashika ile njia ya zamani ya reli waliyoigeuza kuwa ya baiskeli, nakanyaga mpaka mji wa Purcellville. Nilikuwa na mapaja wakati huo, usinione hivi. Kutoka Purcellville naiacha lami, naingia barabara za changarawe zinazozunguka kijiji cha Lincoln. Mahindi huku, ng'ombe kule, kuta fupi za mawe, vumbi jekundu kwenye soksi. Mkulima akipita na pikapu yake anainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, basi, ameshakusalimu. Nilikuwa nasimama penye harufu ya silaji, yale majani ya ng'ombe yaliyochachushwa, nafumba macho, na nakuapia nilikuwa Kitale kwetu. Nilikuwa nalia kidogo, kisha naendelea.

Sasa baba. Baba yangu alibeba maziwa kwa baiskeli, ile nyeusi nzito tunayoiita bleki mamba. Kila alfajiri madebe mawili nyuma kwenye keria ya mizigo, na mimi mbele, mpaka kituo cha maziwa, halafu ananiacha shuleni. Alinifundisha kuisikiliza. Alikuwa akisema, "Nekesa, hiyo cheni ikilia hivyo, inaomba mafuta." Baadaye alianguka akavunjika nyonga, akawa mtu wa mkongojo. Siku niliyoondoka kuja huku aliiosha ile baiskeli, akaitundika kwenye ghala la mahindi, akaniambia mbele ya mama, "Hii ni yako. Ukirudi, utanibeba wewe mpaka kituo cha maziwa." Nikamwahidi.

Baba hakujua kusoma, na simu ilikuwa ya kufuatwa mjini, tena ghali. Kwa hivyo tulitumiana kaseti. Yeye anaongea kwenye redio kaseti yake, mimi naongea kwenye yangu ndogo ya mkononi, na mtu akisafiri anabeba. Katika kaseti moja akaniuliza, "Huko unasafiri na nini?" Sasa fikiria, jana yake nilikuwa kanisani kule Landover, na baada ya ibada watu wote wamesimama uwanjani wakisifiana magari, mimi nikijifanya natafuta kitu kwa mkoba ili nisiulizwe. Aibu bado ilikuwa imenishika. Nikajibu, "Nina gari, baba."

Kaseti yake iliyofuata ilikuja na furaha tele. Alimshukuru Mungu, akawataja majirani wote aliowaambia. Halafu mwishoni, kama jambo dogo tu, akasema, "Basi ile baiskeli nimemwambia Wafula fundi aje aichukue atoe vipuri. Mwenye gari atafanya nini na pedeli?"

Mwanangu! Ile baiskeli! Sasa nimwambie asiitoe, kwa sababu gani, na mimi nina gari? Mtu mwenye akili angesema ukweli hapo hapo. Mimi nikatafuta ujanja. Niliona nikimwomba aiweke kama kumbukumbu tu, na nikimwomba nikiwa "ndani ya gari," ataamini yote mawili. Nikafunga kile kirekodi kwenye usukani wa baiskeli kwa kipande cha leso, nikaenda nacho Lincoln.

"Baba," nikasema, magurudumu yakisaga kokoto, "hapa ninaendesha gari langu. Nimefungua dirisha nipate hewa. Kushoto kwangu kuna mahindi. Tafadhali usimpe Wafula ile baiskeli, iwe ya kumbukumbu." Niliongea vizuri kabisa mpaka kilima kikaanza, na kwa ubishi wangu sikuizima ile rekodi. Nikapanda huku nikimsifia gari.

Dada mmoja wa kanisani alikuwa anasafiri, akaibeba ile kaseti. Nilingoja wiki nyingi. Kila siku nikimsugua yule ajuza mgongo nilikuwa nawaza, saa hizi Wafula ameshafungua magurudumu. Nilikonda, mwenzangu wa chumbani akadhani ni malaria.

Jibu likaja. Nililisikiliza jikoni nikiwa nimesimama.

"Nekesa mama," baba akasema, "tumekusikia mara tatu. Mama yako amesema gari lako ni zuri. Lakini hilo gari linahema kwenye kilima. Tena cheni yake imekauka."

Akakohoa. Nilisikia jogoo huko nyuma yake, na mlango ukifungwa. Kisha akaongea polepole zaidi.

"Kwani ulikuwa unaniogopa nini? Kitabu chako cha kwanza kilitoka kwenye hiyo keria. Kama mtoto wangu anaionea haya baiskeli, basi hata mimi ananionea haya. Hilo ndilo limeniuma. Gari sikulihitaji."

Nikaketi chini, palepale kwenye sakafu. Kaseti iliendelea kuzunguka, nikadhani amemaliza. Kumbe bado.

"Wafula alikuja na spana zake, nikamrudisha. Sasa tia cheni mafuta, urudi kwenye ile barabara, uniambie ukweli. Ulisema kushoto kuna mahindi. Yamefika wapi? Wanapanda kwa mashine ama kwa mkono?"

Siku hiyo nililia mpaka mwenzangu akaja kuniinua. Na wiki hiyohiyo nikarudi Lincoln na kirekodi changu. Nilimweleza kila kitu: kwamba namwogesha ajuza, kwamba basi huniacha, kwamba nina upweke, na kwamba mahindi yao yamesimama kwa mistari kama askari. Ng'ombe wakilia nanyamaza ili awasikie mwenyewe. Tangu hapo kaseti zake zikawa ndefu, pande zote mbili, na majirani hakuwataja tena. Tulikuwa tunaongea sisi wawili.

Makaratasi yangu ya ukaazi yalichelewa, lakini yalitoka baba akiwa hai. Nilipofika nyumbani niliweka begi uani nikaenda moja kwa moja kwenye ghala. Baiskeli ilikuwa bado imetundikwa, na nilipoigusa cheni vidole vikatoka vyeusi kwa mafuta mapya. Asubuhi nikamkalisha baba kwenye keria, mkongojo nikaufunga kwa leso, tukaenda kituo cha maziwa. Alikuwa mwepesi, mwanangu, mwepesi kuliko madebe yale. Kwenye kile kilima cha mwisho nikaanza kuhema, nikasikia anacheka mgongoni mwangu.

"Nekesa," akasema, "gari lako halijapona."

Nikashuka nikasukuma, naye akiwa juu ameshika kiti, akiwapungia watu.

Kwa hivyo nakuomba, usiwape wa nyumbani maisha ambayo huna. Ukiwapa hayo, wataongea na huyo mtu wako wa uongo, na wewe utabaki hapa bila wa kuongea naye. Waambie unalala besmenti. Waambie unaosha vyombo na mikono inachubuka. Mama yako alikujua hata kabla hujajua kusema, pumzi yako anaijua. Na kilima kikikushinda, shuka usukume, hakuna aibu.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe njia yenye watu wa kukuinulia kidole, akupe pumzi, na akurudishe kwenu ukiwakuta wakiwa hai. Haya, simu ndiyo hiyo mezani, na kwao sasa ni jioni. Mpigie mama yako, mimi nitaenda nje kidogo kuitia ile baiskeli yangu mafuta.