Kipa Alipoacha Kuliita Jina Lake

Msimu ukikaribia kuisha, beki wetu wa kati alifariki na kocha akanipa mimi nafasi yake. Tangu tumzike hatukufungwa hata bao moja. Huku Kansanga, mtaa niliohamia kutoka Kenya, watu walinisifu, lakini marehemu alinizidi mpira, na hilo nalijua.

Nadhani siri ilikuwa kipa. Alikuwa amezoea kumwita marehemu kwa jina akitaka mabeki turudi nyuma, na hakuacha. Akiliita, tunarudi wote, hata mimi.

Jumamosi moja mama wa marehemu alikuja kututazama. Mechi ilipoisha tulienda kumsalimia.

"Wanangu, mmecheza vizuri," akasema. "Ila lile jina, kila mkiliita nageuka kumtafuta."

Kipa aliinamisha kichwa. "Tusamehe, mama. Hatutaliita tena."

Mechi ya mwisho alinyamaza kweli. Tulifungwa mawili, tukashuka daraja.

"Wewe Mkenya, hiyo nafasi si saizi yako!" shabiki mmoja alinipigia kelele getini.

Bao la pili sijui lilikuwa kosa la nani, ila la kwanza lilikuwa kosa langu. Mpira ulipokuja nilisimama nikingoja kuitwa kwa lile jina.