Kocha wa Taifa na Chungu cha Msiba

Kaka yangu aliporudishwa kuifundisha timu ya taifa kwa mara ya pili, Kasulu nzima ilijaa ndugu zake. Watu ambao hawakujua hata jina la baba yetu walianza kusimulia jinsi walivyokula naye sahani moja. Waendesha bodaboda wa kwetu Makere walimwita mwana wa nyumbani asubuhi, mchana na jioni. Hata mteja wangu wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mama wa Kikongo ninayempelekea maharage kutoka soko la Kibondo, alinishika mkono akasema, "Ule kaka yako njo antreneri wa taifa? Sasa mutakula muzuri." Nikamwambia tupime maharage.

Sikatai, mpira anaujua. Amechukua makombe katika nchi za watu, na mara ya kwanza alipoishika timu yetu aliifikisha mahali ambapo tulikuwa tunapasikia tu redioni. Hilo nampa. Lakini mtu anaweza kuwapanga wanaume kumi na moja uwanjani, na nyumba yenye mama mmoja na dada mmoja ikamshinda.

Baba alifariki miaka minne iliyopita. Kaka alikuwa nje na klabu yake, wana fainali. Hakuja kuzika. Alituma shada la maua ya plastiki lililoletwa limefungwa nyuma ya pikipiki, na ujumbe wa simu wa kututakia faraja katika kipindi hiki kigumu, maneno yale yale ambayo klabu huwaandikia mashabiki wake. Fainali alishinda. Siku ya tatu ya matanga majirani wawili walikuja kutupa pole na hongera kwa pumzi moja, na mama akazipokea zote mbili.

Kwetu Buha msiba wa mwenye mji haumalizwi kwa kuzika. Unamalizwa siku mwana wa kwanza wa kiume anapokaa kwenye kiti cha marehemu, mbele ya ukoo, akanywa wa kwanza kutoka kwenye chungu cha pombe ya ndizi. Kabla ya hapo hakuna kinachosogea. Shamba haligawanywi, harusi haifanyiki katika mji ule, na mjane halali kwenye kitanda cha mumewe. Kwa miaka minne mama yangu amelala kwenye mkeka na magoti yake yale. Mimi, niliyerudi nyumbani baada ya ndoa kunishinda, nililima shamba ambalo sikuwa na haki ya kusema hapa tupande mihogo na hapa tuache. Mchungaji alisema ni mambo ya kale. Mama akamwambia baba naye alikuwa wa kale.

Kwa hiyo aliposikia mwanawe amerudi nchini, mama alisema nimpigie simu. Nilimshikia simu sikioni mwenyewe. Alimwita mwana wanje, ndiyo mwanangu kwa Kiha chetu, akamwambia aje amalize msiba wa baba yake. Kaka akajibu, sawa mama, Jumamosi nakuja. Hakuuliza lolote, na hapo ndipo ningepaswa kujua, kwa sababu asiyeuliza hakusikiliza. Lakini mama alikuwa analia kwa furaha, basi nikaenda kufukia ndizi shimoni ziive.

Nilizikamua kwa mikono hii, na majani, mpaka vidole vikafanya malengelenge. Baba mdogo, mdogo wake marehemu, aliwaita wazee wa ukoo. Walikuja wamevaa makoti yao ya kanisani, wakakaa kwenye mabenchi kukizunguka chungu. Kiti cha baba tulikiweka katikati, kimepanguswa.

Kaka alifika saa saba mchana akitokea Kibondo, ambako walikuwa wamempokea kwa bango lililoandikwa Mcheza Kwao Hutunzwa. Magari matatu, diwani mmoja, na vijana wa kamera. Hapo ndipo tulipojua safari yenyewe. Walikuwa wanatengeneza kipindi kuhusu alikotoka.

Alimwamkia mama "shikamoo" kama mwanafunzi, yeye aliyezoea kumsalimia "mwakeye" ya Kiha tangu alipoanza kusema. Kisha akasimama mbele ya nyumba akaiambia kamera kwamba hapa alicheza peku, na mpira wa matambara. Nilitaka kucheka. Mpira wa matambara ulikuwa wetu sisi wasichana. Yeye baba alimnunulia mpira wa ngozi kwa kahawa ya msimu mzima, akaenda Kasulu kwa miguu kuuleta, na tulikuwa haturuhusiwi kuugusa. Nilimdharau kwa uongo ule kuliko kwa kukosa mazishi, maana mazishini baba alikuwa ameshakufa, lakini pale alikuwa anamuua upya.

Ndipo akageuka, akakiona chungu, mirija, wazee na makoti yao. Akaweka mkono kifuani.

"Jamani," akasema, "yote haya mmenifanyia mimi?"

Na hakuna aliyesema hapana. Hata mimi. Ndiyo adabu yetu Waha: mgeni akikosea mbele ya watu, unakosea naye. Diwani akapiga makofi, na wazee wa ukoo wetu, waliokuja kumaliza msiba wa ndugu yao, wakapiga makofi pia. Diwani akatoa hotuba ndefu kuhusu falsafa mpya ya timu, utadhani yeye ndiye angekaa benchi. Kisha wapambe wake wakanyoosha mikono kwenye mirija. Baba mdogo akalaza fimbo yake juu ya mdomo wa chungu, akatazama pembeni.

Mama alimvuta kaka mlangoni. Nilikuwa nimesimama hapo na sinia, nikasikia kila neno. Alimwambia, kiti cha baba yako kile pale, keti, unywe kidogo tu, watu waende. Hakumlaumu. Alimbembeleza, mwanamke wa miaka sabini na kitu, kama anayeomba chumvi kwa jirani.

Kaka alitazama kwanza kamera zilikokuwa. Mkononi alikuwa na chupa ya maji aliyokuja nayo.

"Mama, hilo tuliangalie baada ya kufuzu," akasema. "Nikikaa pale sasa hivi watanipiga picha, kocha wa taifa anakunywa pombe."

Akambusu kwenye paji la uso, akatoka barabarani, ambako vijana walikuwa wanamsubiri asaini jezi na kumpigia kelele eti kocha asituangushe.

Mama alibaki mlangoni. Nilidhani atalia, nikaweka sinia chini. Pombe ya ndizi haina subira. Kesho yake ingekuwa siki, na ndizi nyingine tusingezipata mpaka msimu ujao, na wazee wale wawili wa mwisho kwenye benchi sikuwa na hakika kama wangeufikia. Baba mdogo naye alikuwa anaipiga hesabu hiyo hiyo, nilimwona. Akaondoa fimbo kwenye chungu.

"Asiyekuwepo na lake halipo," akasema, kwa sauti ya kawaida tu.

Mama akanishika mkono, bado nina unga wa mihogo kwenye kanga, akanipeleka kwenye kiti cha baba. Mzee mmoja alifungua mdomo kusema mwanamke. Baba mdogo akamuuliza ni nani aliyemwogesha marehemu miezi ile ya mwisho, na nani analima. Mzee akasogeza miguu yake nipite. Nikaketi. Kiti kilikuwa kifupi kuliko nilivyofikiri. Mama akaninyooshea mrija, nikanywa, nikiogopa na nikiwa na hasira, na machozi ambayo sikuyatoa siku ya kuzika yakaja yote. Wazee wakanywa baada yangu, mmoja mmoja, na mama wa mwisho. Alipoinua kichwa alikuwa anatabasamu.

Kaka aliingia wakati ule kuaga, na mpiga picha nyuma yake. Akaniona nilipokaa. Akacheka, akafungua mikono.

"Ah, mmeanza bila mimi?"

Mama alimjibu taratibu, kama unavyomwelekeza njia mtu asiyekuwa wa huku.

"Tumemaliza, mwana wanje."

Kaka akabaki na mikono yake hewani. Mpiga picha akauliza kama tunaweza kurudia hapo.