Pengo la Pezi la Kushoto

Watafiti wa nyangumi walipokuja Msimbati kwa mwaka wa pili, walitaka watu wa kujitolea. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, napasua samaki pwani. Nikajiandikisha. Wapiga mbizi wao walishuka na kamera nje ya mdomo wa mto Ruvuma, nasi tulikaa kwenye darasa lililofungwa kwa likizo, tukilinganisha picha. Kazi yenyewe ilikuwa kutazama makovu na mapengo ya mapezi, kisha kuandika kwenye fomu kama nyangumi huyo ni mgeni au alishapigwa picha. Naona haya kuongea mbele za watu, na kuandika kwangu ni polepole. Kazi ile ilinifaa.

Siku ya nne nikapata nyangumi mwenye pengo pezini, kama pamechotwa kwa kijiko. Nilishamwona kwenye picha za zamani. Nikavuta picha ya mwaka uliopita, nikaandika: "Ni yule yule."

Msimamizi wetu, mwalimu wa sekondari kutoka bara, akainama mezani.

"Binti, huyu pengo liko kulia. Yule kushoto. Macho yako yako wapi?"

"Msamehe, mwalimu," akasema mama mmoja nyuma yangu. "Huyo kazoea kupasua samaki, changu na tasi!" Wakacheka.

Lakini picha ya zamani ilionyesha mgongo, na hii ilionyesha tumbo. Ukimtazama samaki tumboni, kushoto kwake kunahamia upande wako wa kulia. Nilipoanza kupasua, nilitoboa nyongo nyingi kwa kosa hilo hilo.

"Mpiga picha alikuwa chini yake," nikasema.

"Nani kakwambia?"

Nikaigeuza karatasi ya picha mpya, nikaibandika kwenye kioo cha dirisha. Mwanga ukapita. Mapengo yakawa upande mmoja.

"Picha haitazamwi kinyume," akasema. "Darasa la saba unifundishe mimi baiolojia?"

Akayakata maneno yangu kwa mstari, akaandika "Mgeni". Ikienda hivyo, nyangumi mmoja atahesabiwa wawili, na sahihi chini itakuwa yangu.

"Tia sahihi. Hutaki, kesho usije."

Nikachukua kalamu. Chini ya neno lake nikaandika upya, herufi moja moja: "Ni yule yule. Hii ni picha ya tumbo." Nilichukua muda mrefu. Alisimama pale pale akinihemea shingoni, na hakuna aliyecheka. Kisha nikatia sahihi.

"Hiyo fomu siipokei," akasema.

"Basi naipeleka mwenyewe."

Mtafiti mkuu, mama mmoja mwenye nywele za mvi, alikuwa chumba cha jirani. Mwalimu akanifuata hadi mlangoni. Yule mama akasoma mara mbili, akaweka kidole kwenye mstari wa chini.

"Hapa kaandika nani?"



"Mimi," nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. "Na sifuti."