Picha ya Dada Kabla ya Kwenda Mwanza

Dada yangu alitaka picha kama ya yule mwanamke wa kalenda. Tulimjua sote wawili. Alining'inia sebuleni kwetu Mwadui, enzi baba akifanya kazi karakana ya mgodi: mzungu mwenye gauni jekundu la madoadoa meupe, kifua mbele, nywele zimeviringwa juu ya paji la uso, amekalia tairi na anacheka. Kalenda yenyewe ilikuwa ya zamani kuliko sisi. Mama hakuipenda, lakini ilikuwa ya baba, kwa hiyo alikata kipande cha khanga akakibandika kwa uji mzito, kikamfunika yule mwanamke shingo hadi magoti. Mama akienda bombani, sisi tunakifunua.

Miaka mingi baadaye dada alikuja kwangu Geita akiwa na uvimbe kwenye titi la kushoto. Aliuficha muda mrefu, akiukanda kwa mizizi ya kununua mnadani, na daktari wa Mwanza alikuwa ameshamwambia kwamba titi lote litaondolewa. Mimi ni mpiga picha, kazi zangu ni harusi, kipaimara na pasipoti.

"Mimi usinipige ya pasipoti," aliniambia. "Nipige ya kalenda. Nionekane nilivyo, watoto wangu waone walikonyonya."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Msemo huo ulinifika mdomoni nikaumeza. Nilikuwa na hasira naye, na hasira na mizizi yake, lakini ningemwambia nini mtu ambaye tayari anajipaka rangi ya mdomo?

Tulifanyia sebuleni kwangu, mchana, malori ya mchanga wa dhahabu yakipita nje. Jua la saa nane ni kali, linachimba mashimo chini ya macho, kwa hiyo nilikunja chandarua cheupe mara mbili nikakitundika dirishani. Upande wa pili niliegemeza bati jipya na kulifunika shuka, maana bati tupu linachoma. Nilitaka mwanga umrudie taratibu. Taa ndogo ya sola niliiweka nyuma ya mabega yake ili nywele zing'ae ukingoni. Nywele za mbele nilizivuta, nikaziviringa na kuzikaza kwa pini, kisha nikamfunga kitambaa chekundu chenye fundo juu ya paji. Gauni la mitumba lilikuwa pana, kwani alikuwa ameshaanza kukonda. Nikalibana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo. Alitaka na mstari wa soksi ndefu nyuma ya mguu, kama wa yule wa kalenda, nikauchora kwa wanja kutoka kisiginoni kwenda juu, naye akacheka kwa kutekenywa hadi mstari ukapinda.

Tairi hatukuwa nalo. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa khanga, akashika pasi ya mkaa ya mama kana kwamba imemuunguza kidole.

"Dada, kifungo cha juu kimefunguka."

"Kiache. Mficha uchi hazai, na mimi nimezaa wanne."

Nikamwambia ageuzie bega la kulia dirishani. Akakataa, akageuza la kushoto.

"Huku," alisema. "Hili ndilo linaloaga."

Nilipiga, na kila nikipiga kioo cha kamera kilikuwa na ukungu wa machozi yangu. Yeye hakulia. Alipoiona picha alinishika shavu kwa mkono wenye wanja, akasema, "Wabeja, mdogo wangu," shukrani ya nyumbani kwetu, ambayo huwa hasemi ovyo.

Walimpasua, lakini ugonjwa ulikuwa umeshaondoka pale na kwenda mapafuni. Hakufika msimu wa kupanda.

Msiba ulikuwa kwa mume wake, Bukombe. Kaka wa mume aliniomba picha ya kuweka mbele ya jeneza. Nilimtumia ile, sikuwa na nyingine iliyofanana naye kiasi hicho. Akaipeleka studio mjini. Studio zetu zina desturi: marehemu akikosa picha ya heshima, anavalishwa kwenye kompyuta. Mwanamume hupewa suti na tai, mwanamke blauzi nyeupe iliyofungwa hadi kooni. Nilipofika niliuona uso wa dada, midomo myekundu, kitambaa chenye fundo, kicheko cha pasi ya mkaa, vyote vimesimikwa juu ya mwili wa mtu nisiyemjua, kifua bapa kama ubao.

"Shemeji, tumemsitiri," alinong'ona yule kaka, macho mekundu kwa kulia. Nilimchukia palepale, na machozi yake nikayachukia.

Akina mama wa jumuiya walinipa pole, wakasifu picha. Niliitikia asante, asante, asante.

Binti wa mwisho wa dada alisimama muda mrefu mbele ya jeneza. Kisha akaja akanivuta nguo.

"Mama mdogo, blauzi hii mama aliinunua lini?"

"Hakuwahi kuwa nayo."

Nilimpeleka nyuma ya nyumba, nikamfungulia simu yangu. Aliitazama ile ya kweli. Akaikuza kwa vidole viwili, akaikuza tena, hadi kifua cha mama yake kikajaa kioo chote, kisha akalaza shavu juu yake.